Kwa Mbelwa, Aliyenunua Kiwanja Kange

Jana usiku umenipigia, sauti imejaa kama gunia:
dada, nimelipa, kiwanja ni changu.
Nimefurahi. Sasa nyamaza, unisikilize.

Kabla hujachimba, nenda na mvua.
Usicheke. Ngoja masika yashike kweli,
chukua mwavuli, simama katikati ya kiwanja chako,
uone maji yanatoka wapi na yanataka kwenda wapi.
Walikuonyesha kikiwa kikavu.
Maji hayana dalali.

Majirani wa pande zote uwaite kwa majina,
muoneshane mawe ya mpaka mchana kweupe,
mjumbe awepo, karatasi iwepo,
hata kama mmekunywa chai pamoja.
Hasa kama mmekunywa chai pamoja.

Choo kwanza.
Fundi atakwambia msingi kwanza,
lakini wangu, alipobanwa,
alivuka njia kwenda kwa Bi Mwanasiti,
na Bi Mwanasiti hadi leo hajasahau.

Mchanga wa pwani ulinidanganya.
Mweupe, laini, nusu bei,
ukaletwa usiku, na hilo peke yake lingetosha kunishtua.
Mwaka wa sita huu ukuta wa sebule unatoa chumvi,
rangi inabanduka magamba magamba
kama changu aliye mikononi mwa mpaa samaki.
Wewe nunua wa mtoni, na uuonje.
Ndiyo, kwa ulimi. Wakuone mwehu.

Saruji inatoka hapa hapa Pongwe, usiirundike.
Mfuko ukikaa sakafuni miezi mitatu unakuwa jiwe;
miwili yangu ndiyo ngazi ya mlango wa uani.

Tofali zimwagilie siku saba, asubuhi na jioni,
mwenyewe, kwa ndoo.
Mimi ni muuguzi, nitakwambia kwa lugha yangu:
tofali ni mzazi aliyejifungua jana,
mpe maji, usimtwishe mzigo.

Fundi Shekigenda nakupa, ni mzuri,
kuta zake zimesimama wima kuliko yeye.
Ila mlipe kwa kozi, usimlipe kwa hadithi.
Msiba wa shangazi yake nimeuchangia mara tatu,
shangazi yuleyule.

Usinakili nyumba uliyoiona kwenye simu.
Joto la Tanga halina adabu.
Lala kiwanjani usiku mmoja, kwenye mkeka,
ujue upepo unaingilia wapi,
na dirisha la chumbani ulitoboe hapo hapo.
Feni inakula luku hata ukiwa umelala.

Wala usione haya kwenda polepole.
Mimi ni miaka tisa, tofali thelathini kila mshahara.
Tuliopanga nao Makorora walisema
nyumba yangu ya Mwakidila ina majani kuliko kuta.
Nikahamia bila dari, bila vioo,
kanga mbili za mama dirishani,
nikalala mpaka jua likanikuta mdomo wazi.

Kuna moja nililikosea, sijawahi kukwambia vizuri.
Mlango wa chumba cha mama
niliukata sentimita sabini, kuokoa bei ya fremu.
Mama alikuwa mzima, anatembea, anagombana.
Ni nani angewaza?
Kisha ule upande wa kushoto ukalala,
na kiti cha magurudumu tulichoazimwa Bombo
kikagota kizingitini.
Wewe ndiye uliyembeba, unakumbuka,
ukimpitisha ubavu ubavu kama kabati,
naye, mdomo umeenda upande, akasema:
msinichubulie ukuta.

Tulicheka. Mimi nikaenda kucheka uani,
nimekaa juu ya ile mifuko ya saruji.

Kwa hiyo milango, Mbelwa: sentimita tisini.
Yote. Hata wa stoo.
Shekigenda akiuliza kwa nini, mwambie dada kasema.

Jumamosi nina zamu ya usiku.
Jumapili nitapita hapo Kange, nitakuja na futi.